Roboti Alisimama Kwenye Sukuma ya Thuo

Debra ndiye aliyeleta ile habari mezani, na chai yangu ikapoa kwa sababu yake. Nasema mapema ili lawama ijulikane ilianzia wapi.

Tulikuwa kwa Wahu, hoteli ya kibanda cha mabati kando ya njia ya kutoka Riruta kwenda Kabiria, Jumamosi mchana, wale wale wa kila siku. Debra anauza kava na chaja za simu hapo ng'ambo ya barabara. Sisi humwita Breaking, maana hakuna habari inayotufikia kabla haijapitia kwake na kutiwa chumvi. Mbele yake alikaa Mzee Ndegwa, yaani Landi, mwenye ploti ya kupangisha huko Kabiria na maoni juu ya kila kitu duniani isipokuwa maji ya ploti hiyo. Kando yake Musili, ambaye hupeleka faili za ofisi moja ya mawakili huko tao, katikati ya jiji. Hajawahi kusimama mbele ya jaji hata siku moja, lakini amepiga foleni sana nyuma ya watu waliosimama, na hiyo ikatosha aitwe Wakili. Mimi wananiita Spika. Si kwamba nasikizwa. Ni vile kila siku nawaomba waongee mmoja mmoja na hakuna anayenijali.

"Wueh! Skizeni hii," Breaking akasema, kidole kikiteremka kwenye simu. "Ati kampuni za sola zimeanza kutumia maroboti. Hiyo kitu inatembea katikati ya mapaneli, inaangalia moja moja, inasema hii ni mzima, hii ni mgonjwa. Haichoki, haiombi ofu, haiendi lanchi."

"Haiendi lanchi?" Wahu akageuka na mwiko mkononi. "Basi hapa isikuje."

"Mimi iniletee," Landi akasema. "Haipiki, haifui, haitumii choo. Hiyo ndiyo mpangaji nimekuwa nikiombea miaka yote."

"Na ikikosa kulipa rent utafanya nini?" Wakili akamuuliza. "Utaitoa mlango vile hutoa watu? Roboti haina shida na mlango."

"Nitaitoa betri."

"Hapo sasa ni kesi. Kisheria, kwanza lazima tujue roboti ni nani. Ikikosea, unashtaki nani? Kortini itaapa na nini? Itashika Biblia ama chaja?"

"Wewe Wakili, nani alikwambia roboti inataka kortini?"

"Kila kitu huishia kortini, Mzee. Mimi ndiye hubeba hizo faili."

Breaking alikuwa bado anasoma. "Lakini manze, hii Kenya tunakagua tu vitu zenye haziongei. Hii barabara yetu imekaguliwa mara ngapi? Wanakuja na magari, wanashuka na makofia ya plastiki, wanaangalia shimo, shimo inawaangalia, wanapanda gari wanaenda."

"Si walete hiyo roboti ikague shimo," nikasema.

"Itaingia ndani, Spika, na watatuambia tuchange ya kuitoa."

Tulikuwa katikati ya kicheko hicho Thuo alipoingia. Thuo sisi humwita Sola, kwa sababu anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha maziwa kule juu ya Uthiru, ukielekea Kikuyu. Nyuma ya kiwanda kuna shamba la paneli za sola, zimepangwa chini kwa laini, na umeme wake ndio unaoendesha mashine. Kazi ya Thuo ni kutembea kati ya laini hizo akizitazama, kuziosha, kufyeka nyasi, na kumwambia injinia akiona iliyopasuka. Kwa kawaida akifika husalimia hadi kiti. Siku hiyo alikaa tu. Wahu akamwekea chai na chapo, hakuzigusa.

"Niaje Sola," Breaking akamwambia. "Umeskia mambo ya maroboti?"

"Si kuskia. Imekuja. Jana nimetembea na yeye siku mzima."

Wote tukasogea. Hata Landi, ambaye huwa hasogei bila kulipwa, alisogea.

"Iko aje?"

"Ni kitu kama wilbaro, lakini iko na magurudumu nne na shingo ndefu. Hapa juu kwa shingo iko na kamera. Madam Kaluki, yule injinia wetu, amekuja nayo na vijana wawili wa tao. Akaniambia, 'Thuo, huyu ni mwenzako, mwonyeshe njia.'"

Wakili akapiga meza. "Umeona! Hiyo kitu tunaita handover. Umemfundisha mwenye amekuja kukutoa. Na lanchi ukamnunulia?"

"Haikuli."

"Hata hiyo ni dharau."

"Wacheni nimalize," Thuo akasema, na sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba tulinyamaza bila mimi kuomba. "Imeenda laini ya kwanza, tii. Laini ya pili, tii. Haisimami, haiangalii nyuma. Mpaka laini ya mwisho kule karibu na fensi. Hapo ikasimama."

Hakuna aliyeuliza kwa nini ilisimama hapo. Sote tulijua kulikuwa na nini.

Kwa mgeni wa hapa, acha nieleze. Thuo ni mtu ambaye akiona udongo mtupu mikono inamwasha. Zile paneli huoshwa, na maji ya kuoshea hudondoka chini, na kwenye laini ya mwisho yalikuwa yakidondoka bure kwenye ardhi nyeusi ya watu. Hakuvumilia. Alipanda sukuma wiki, mboga ya majani, shina moja, kisha mengine, kisha laini nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na terere, yaani mchicha, pembeni. Hakuomba ruhusa, na ofisi haikuona, kwa sababu watu wa ofisi hutazama paneli kwa juu na sukuma ilikuwa chini. Hiyo sukuma ndiyo Wahu alikuwa akitupikia. Tulimla huyo mwajiri kila Jumamosi bila yeye kujua, na ilikuwa sukuma tamu ajabu.

"Nyinyi Wakikuyu," Wakili Musili akamwambia, maana kwao ni Machakos na hapotezi nafasi kama hiyo. "Hata siku ya kuzikwa mtaomba kaburi iwe pana kidogo, mpande viazi kando."

"Na nyinyi Wakamba mngepewa hiyo laini mngeleta mbuzi zikule waya," Thuo akamjibu.

"Mmoja mmoja," nikasema.

"Ikasimama," Thuo akaendelea, "ikarudi nyuma. Ikaenda mbele tena. Ikainua shingo, ikashusha. Piga picha, piga picha. Wale vijana wakaangalia tableti yao, wakaangaliana. Wakamwita Madam. Madam akaangalia tableti, akainama akaangalia sukuma, akaniangalia mimi."

"Akasema?"

"Akasema, 'Aha.'"

Benchi zima likashusha pumzi.

"Aha gani?" Landi akauliza. "Kuna aha ya mtu amepata funguo yake, na kuna aha ya mtu amekushika."

"Ilikuwa fupi ama ndefu?" Wakili naye.

"Fupi."

"Fupi ni mbaya. Ndefu mtu bado anafikiria. Fupi ameshaamua."

"Akaandika kitu kwa simu, wakaenda. Tangu jana hajanipigia." Thuo akasugua uso kwa viganja viwili. "Halafu nikachungulia hiyo tableti kidogo. Laini zote zilikuwa zinaonekana nyekundu na manjano. Yangu peke yake ilikuwa bluu. Bluu tupu, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Bluu!" Wakili akasimama. "Bluu ni polisi. Si ndiyo yunifomu yao siku hizi?"

"Wacha kumtisha," Breaking akasema. "Mimi naona bluu ni baridi. Si hata kwa mfereji ile ya bluu ni maji baridi na nyekundu ni maji moto?"

"Mfereji ya wapi?" Wakili akadakia. "Mimi nimeishi kwa Landi hapa. Mfereji ya bathroom iko na bluu na nyekundu, na zote hutoa upepo."

"Upepo sijawahi kuwalipisha," Landi akajibu bila haya.

Tulicheka hadi Wahu akatuambia tupunguze, kuna watu wanakula. Hapo maneno ya Breaking yakazikwa, na hakuna aliyeyafukua. Wakili alikuwa ameshachukua usukani.

"Sola, nisikize. Ofisini wote wakiwa wekundu na wewe peke yako uko bluu, mgonjwa ni nani? Ni wewe. Mimi nafanya kazi na watu wenye tai, najua vile wanafikiria. Mashine imesema laini yako haifanani na za wengine. Wameenda kuandika ripoti. Jumatatu unaitwa, mlango unafungwa, unaulizwa hii ardhi ni ya nani."

Thuo akamwangalia kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa hivyo hivyo. "Na kontrakti yangu inaisha mwezi huu. Madam ndiye anaamua kama nitaongezwa. Nilikuwa nimefikiria na hiyo roboti bado nitabaki wa kuosha na kufyeka. Lakini wakisema nimetumia shamba yao na maji yao kulima yangu, hata hiyo nimekosa. Nitaambia watu wa nyumbani nini? Nimefutwa juu ya sukuma?"

Nilimwonea huruma kweli. Kufutwa kwa sababu ya wizi mkubwa kuna heshima yake hapa Nairobi. Mtu hununuliwa hata soda. Kufutwa kwa sababu ya mboga ni kuchekwa hadi Uthiru.

"Ng'oa," Wakili akasema. "Ng'oa zote kesho, uko zamu. Jumatatu wakija wakute mchanga. Bila sukuma, ni neno yako na neno ya roboti, na roboti haiwezi kuapa."

"Iko na picha."

"Picha siku hizi hutengenezwa. Tutasema ni AI."

"Mzee pia anasema ng'oa," Landi akaunga mkono. "Lakini usitupe. Niko na kaploti hapo nyuma ya nyumba, kamekaa tu. Unapanda huko, nakufanyia bei ya rafiki."

"Hako kaploti si ndiko choo ilibomokea?" Breaking akauliza.

"Ndiyo maana kana rutuba."

"Mimi nasema ang'oe," Breaking naye akasema, "lakini aniite nirekodi. 'Roboti yamfanya mkulima ang'oe sukuma kwa machozi.' Hiyo inatrendi kabla jioni. Sola, unaweza kulia kidogo?"

"Naweza lia hata sasa."

"Msithubutu!" Wahu alitoka nyuma ya meko, mwiko bado mkononi. "Hakuna kitu inang'olewa. Huyo injinia amesema ung'oe? Hajasema. Amesema aha. Mpigie simu umuulize! Ama ungoje Jumatatu uskie kwa mdomo yake."

"Huyo asiskizwe," Wakili akasema. "Ako na interest. Sukuma ikiisha atanunua ya soko."

"Na wewe huna? Si unataka akufanye wakili wake, umwambie boss yako umeleta kesi? Na huyu anataka rent ya choo. Na huyu anataka video. Thuo, nani hapa amekuuliza wewe unataka nini?"

Swali lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo likapuuzwa. Zogo likapanda hadi watu waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Nikagonga glasi na kijiko. Mimi ndiye Spika, na hapo ndipo kazi yangu ilipo.

"Tupige kura," nikasema. "Wanaosema ing'olewe?"

"Ndiyo!" wakasema watatu, na Landi akasema mara mbili.

"Wanaosema ising'olewe?"

"La!" akasema Wahu peke yake.

"Wa ndiyo wameshinda," nikatangaza.

"Na mimi?" Thuo akauliza.

"Wewe ni mhusika," Wakili akamwambia kwa upole. "Mhusika hapigi kura."

Akainama akainywa ile chai baridi yote kwa mara moja, kisha akaondoka bila kuaga. Chapo aliiacha. Landi aliimaliza.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana tena, tumevaa vizuri, Wakili akiwa na tai ambayo sijui huitoa wapi. Thuo akaja akisukuma wilbaro yenye magunia mawili, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Aliyateremsha mlangoni mwa Wahu. Sukuma ilikuwa imefumukia mdomoni mwa magunia, majani mapana ya kijani kibichi, mizizi ikiwa bado na udongo wake.

"Zote?" Wahu akauliza.

"Zote. Hata terere." Akaketi. "Nimezing'oa nikiwa nashukuru hakuna mtu ananiona. Mnajua, pale kazini kila kitu naambiwa. Fyeka hapa, osha pale. Hiyo sukuma ndiyo kitu mimi mwenyewe nilianzisha. Nikifika asubuhi nilikuwa naenda kuiona kwanza, kabla ya hizo paneli."

Breaking, aliyekuwa ameinua simu kurekodi, aliishusha.

"Umefanya la maana, kijana," Landi akamwambia. "Sasa ushahidi uko wapi? Hakuna. Wahu, pika ushahidi."

Wahu hakucheka. Alikata, akakaanga na nyanya na vitunguu, akatupakulia na ugali, akiweka kila sahani mezani kwa kishindo. Tulikula. Sitaki kusema uongo, hatujawahi kula sukuma ya hivyo, na tulimsifu Thuo hadi akaanza kutabasamu kidogo. Wakili alikuwa akieleza jinsi kesi inavyoshindwa kabla haijaanza wakati simu ya Thuo ilipolia.

Akaiangalia. "Ni Madam."

"Jumapili?" Landi akasema na mdomo umejaa.

"Usikubali kitu," Wakili akanong'ona. "Weka kwa spika ya simu tuskie. Sema hujui."

Breaking alinyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.

"Thuo, habari ya Jumapili? Pole kukusumbua siku ya Mungu."

"Mzuri, Madam. Hakuna shida."

"Nimemaliza kusoma ripoti ya ile roboti. Unajua ile laini yako ya mwisho ilitusumbua. Tulidhani kamera ya kupima joto imeharibika, ndiyo maana tuliirudisha mara nyingi. Paneli zingine zote ziko moto sana, na paneli ikipata moto umeme unapungua. Yako ilikuwa bluu, yaani baridi. Nikaangalia mita, na hiyo laini inatoa umeme kushinda zote, miezi yote hii, na hakuna mtu alikuwa ameshtuka."

Wakili alikuwa bado ameinua kidole kumwonya, akasahau kukishusha.

"Ni hizo sukuma, Thuo. Majani yanatoa unyevu, hewa ya hapo chini inapoa. Kuna watu ng'ambo wanalipwa kufanya utafiti wa hiyo kitu, na wewe umefanya tu na jembe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa... nilikuwa najua ni sukuma, Madam."

Akacheka, kicheko kizuri cha mtu mwenye furaha. "Sasa skiza. Kesho mkurugenzi anakuja na wageni kuona hiyo laini. Nimewaambia tunataka kupanda laini zote, na wewe ndiye utasimamia. Hiyo kontrakti ya mwezi kwa mwezi tunaimaliza, nataka uandikwe kabisa. Roboti itakuwa inakagua juu, wewe unakuwa bosi wa chini. Kitu moja tu nakuomba. Mpaka kesho mchana, mtu asiguse hata jani moja."

Landi aliacha kutafuna. Hakumeza, hakutema, alikaa hivyo tu na shavu moja limevimba. Kwenye sahani yangu kulikuwa na tonge la mwisho na sukuma kidogo pembeni, na nilijikuta nikiifunika kwa kiganja.

"Madam," Thuo akasema. Ilibidi aanze mara ya pili. "Madam, nimeng'oa."

"Umeng'oa nini?"

"Sukuma."

"Ngapi?"

"Zote, Madam. Asubuhi hii. Nilidhani mmenishika. Nilidhani mtanifuta."

Kimya kilichofuata ndicho kirefu zaidi nilichowahi kusikia kwa Wahu, na mimi nimekuwa nikikiomba hapo kila siku. Kisha Madam Kaluki akaongea polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

"Lakini Thuo, mbona hukuniuliza? Nani alikwambia ung'oe?"

Hapo Landi akameza, akakumbuka kwamba kuna mpangaji aliyelalamika maji, na kwamba malalamiko ya mpangaji hayangojei Jumatatu. Akaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Breaking akaona mteja kwenye duka lake ng'ambo, duka ambalo lilikuwa limefungwa na kufuli. Wakili akakaza tai, akasema ana faili ya haraka tao, akashika njia ya Kabiria, ambako hakuna tao. Mimi nilibaki kidogo. Nilitaka kusema neno kwenye ile simu, naapa, na hata nilifungua mdomo. Kisha nikaona kikao hakina tena akidi, nikaahirisha kwa ishara ya mkono na kuanza kuvuka barabara.

"Thuo? Bado uko?" Simu ilikuwa bado kwa sauti kubwa. "Uko na nani hapo? Ni nani alikushauri?"

Nilisikia kiti kikisogea, kana kwamba amegeuka kutuangalia.

"Hakuna mtu hapa, Madam," akasema. "Niko tu na mama wa hoteli, na yeye alikataa."